Mwenye Chachu Ainue Mkono

Shingoni mwa Bwana Hessel Kropman palining'inia ufunguo mmoja uliofungwa kwa kamba ya kiatu, na katika siku nane za Pasaka hakuuvua hata akienda kuoga. Kila asubuhi alitoka bafuni na alama ya ufunguo kifuani, kama barua iliyopigwa muhuri.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Baba yake alitoka Lithuania kwa meli akiwa na mfuko wa vifungo, akaishia Johannesburg kuuza vifungo. Hessel naye akauza vifungo, miaka arobaini na miwili, katika duka jembamba ambalo wateja wawili wanene waliliingia kwa zamu. Hakuwahi kugombana na mtu. Mteja akisema kifungo ni cha bluu na Kropman anaona ni cha kijani, basi kilikuwa cha bluu mpaka mteja atoke. Aliogopa mbwa, aliogopa barua za madai, zile zenye kidirisha kwenye bahasha, na zaidi ya vyote alimwogopa Daktari Selwyn Aronowitz, mganga wa meno, mwenyekiti wa kamati ya sinagogi dogo la Orange Grove.

Mkewe Tsilla alipofariki na duka likafungwa, Kropman alipewa kazi ya kutunza sinagogi hilo. Kufungua milango, kupanga vitabu, kusugua ukuta wa nje. Malipo yake yalikuwa madogo, hata kuyataja ni aibu. Lakini kila Jumamosi kuna mtu angeuliza, "Kropman yuko wapi?" na yeye aliishi kwa swali hilo. Ukitoa pale sinagogini, Johannesburg nzima hapakuwa na mtu ambaye angeuliza Kropman yuko wapi. Kamati ndiyo iliyompa kazi, na kamati ndiyo ingemtoa, na Kropman hakulisahau hilo hata usingizini.

Sasa, ufunguo. Pasaka ya Wayahudi ikiingia, chachu lazima itoke. Si kuila tu. Hata kuwa nayo kabatini ni kosa kubwa. Mkate, unga wa ngano, tambi, biskuti, bia. Kutupa mkate si taabu, lakini nani atamwaga wiski ya miaka kumi na minane? Ndiyo maana wazee wao walipata njia: chachu yote inauzwa kwa mtu asiye Myahudi, kwa mkataba wa kweli wenye sahihi, na Pasaka ikiisha inanunuliwa tena. Familia arobaini na tatu zilileta maboksi yao katika madarasa mawili ya zamani nyuma ya sinagogi. Kropman aliyapanga, akabandika namba kwa mwandiko wake wa dukani, akafunga mlango, akavaa ufunguo.

Kwa miaka kumi na tisa mnunuzi alikuwa mlinzi wa geti, Petrus, mtu mpole aliyetia sahihi bila kusoma, akapewa chupa ya brandi, akarudi kibandani kulala. Lakini mwaka ule Petrus alikuwa amestaafu na kurudi kwao Limpopo. Mlinzi mpya aliitwa Birindwa. Alitoka Bukavu, ambako alikuwa karani wa mahakama kabla vita havijamfundisha kutembea kwa miguu.

"Tia sahihi hapa," Kropman alimwambia asubuhi ile ya mauzo, katika ofisi ya rabi, "halafu na hapa."

Birindwa akavuta kiti. Akatoa miwani, akaifuta kwa shati, akaanza kusoma.

"Huna haja ya kusoma," Kropman alinong'ona. "Petrus hakusoma hata siku moja."

"Petrus alikuwa karani wa mahakama?"

"Hapana."

"Basi tumsamehe."

Alisoma kurasa nne, akarudia. Daktari Aronowitz alitazama saa, akatazama dari, akatazama saa tena. Rabi Gershon Mintz hakutazama kitu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na miwili mwenye mapacha wa mwezi mmoja, na alikuwa amejifunza kulala huku amekaa wima.

"Rabi," Birindwa akasema, "naona nanunua vyakula na vinywaji hivi vyote. Vinakuwa vyangu kweli, au tunaigiza?"

Rabi alifumbua macho yote mawili kwa mpigo. "Kweli kabisa. Ikiwa ni maigizo tu, sote tumeharibu Pasaka."

"Na madarasa yale mawili mnanikodisha. Niingie na kutoka nipendavyo."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Vizuri. Na ufunguo?"

Hapo Daktari Aronowitz alicheka mpaka akakohoa. "Ufunguo unakaa kwa Kropman, bwana. Ni desturi."

Birindwa hakucheka. Alitoa kidaftari, akaandika neno moja, akatia sahihi safi yenye mkia, akatoa noti ya arubuni. Kisha akawapa mkono mmoja mmoja, kama mtu aliyenunua nyumba.

Usiku wa kwanza wa Pasaka Kropman alialikwa kwa rabi. Katika karamu ile, kabla ya chakula, mwenye nyumba huinua mkate mkavu na kuwaita kwa sauti wote wenye njaa waje wale pamoja nao. Rabi aliwaita vizuri sana. Aliwaita huku geti la umeme limefungwa, mlango una makomeo mawili, na king'ora kimewashwa. Kropman aliitikia amina, halafu akainuka kuhakikisha makomeo yameingia sawasawa.

Siku ya tatu asubuhi alikuta ukuta wa sinagogi umeandikwa.

Kuta ndizo zilizokuwa ujuzi wake baada ya vifungo. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amefuta matusi ambayo watu waliwaandikia Wayahudi usiku, na alijua rangi ya kupuliza inataka mafuta ya taa na rangi ya brashi inataka kisu na subira. Safari hii maneno yalikuwa mekundu, marefu kama mtu: WAGENI RUDINI KWENU LA SIVYO TUTAWASAIDIA. Kwa mbali, upande wa reli, moshi ulikuwa bado unapanda. Redio ilikuwa imesema mabanda ya wageni yamechomwa usiku.

Kropman akaleta ndoo. Alikuwa amefika kwenye herufi ya tatu gari la Daktari Aronowitz liliposimama, kioo kikashuka.

"Kropman! Unafanya nini?"

"Nafuta, Daktari."

"Hebu soma kwanza. Safari hii si sisi."

Kropman akarudi nyuma hatua mbili, akasoma tena kwa heshima. "Ni kweli hatujatajwa," akasema. "Lakini rangi ni ileile. Na mtu ni yuleyule, Daktari. Mwaka juzi alituandikia sisi, na mpaka leo hajajifunza kunyoosha mstari."

"Mambo ya watu waachie wenyewe."

"Ndiyo, Daktari," Kropman akasema, na kwa kuwa hakuwahi kubisha, akasubiri gari lipinde kona ndipo akachovya brashi.

Hakumaliza. Watu walianza kuja kutoka upande wa moshi, wachache wachache, halafu wengi. Wazimbabwe, Wamalawi, Wakongo. Mbele yao alikuwa mama mmoja mshonaji, Mama Rutendo, na cherehani kichwani kama ndoo ya maji. Nyuma yake mwanamume aliyefungwa paji la uso kwa fulana ya mtoto, fulana yenyewe imeshageuka nyekundu. Birindwa aliwatazama. Hakumwuliza mtu, alifungua geti, akarudi kusimama mahali pake kama mlinzi aliyefanya kazi yake.

"Birindwa," Kropman alisema kwa sauti ndogo, "ni wangapi?"

"Thelathini na wanne, Papa Kropman. Na mbuzi. Mbuzi sikumhesabu."

Waliketi uani, wakitazama viatu vyao. Kropman alisimama na brashi inayodondoka rangi, akaona aibu ya kusimama tu, akaenda jikoni kwa sinagogi akatoa alichokuwa nacho: mayai ya kuchemsha, viazi, na maboksi ya matsa, ule mkate wao wa Pasaka usiotiwa chachu. Mama Rutendo aliuma kipande. Akaacha kutafuna. Akakigeuza, akatazama upande wa pili.

"Baba," akasema, "hili ni boksi au ndicho chakula chenyewe?"

"Ndicho chenyewe."

"Mmefanya kosa gani?"

"Si adhabu, mama. Tunakumbuka tulivyotoka utumwani Misri. Tulitoka mbio, unga haukupata muda wa kuumuka."

Mama Rutendo alitafuna, akafikiri, akameza kwa taabu. "Sisi nasi tumetoka mbio jana," akasema. "Ila nilikuwa na kilo mbili za mchele begani. Nyinyi hamkuwa na mtu wa kufikiri?"

Watu wakacheka kwa mara ya kwanza. Lakini kicheko hakijazi tumbo, na kabla ya saa sita mayai, viazi na matsa vilikuwa vimekwisha, na watoto wanalia. Maduka yote ya barabara kuu yalikuwa yameteremsha vyuma kwa kuogopa fujo; Birindwa alizunguka akarudi mikono mitupu. Akaenda kunawa. Akavaa koti lake la kazi, akafunga vifungo vyote, akaja kusimama mbele ya Kropman.

"Papa Kropman. Naomba ufunguo wangu."

Kropman alishika kifua. "Ufunguo gani?"

"Wa madarasa yangu. Kuna chakula changu mle ndani."

"Birindwa, ndugu yangu... wewe unajua na mimi najua..."

"Mimi najua nilichosoma. Nilisoma mara mbili."

"Ni maboksi ya watu! Yana namba! Nimeahidi kuyarudisha kama yalivyo! Kamati itanifukuza kesho asubuhi!"

"Papa," Birindwa alisema taratibu, "kama ni ya watu, basi watu hao wana chachu Pasaka hii. Ni wewe utakayewaambia, au niwaambie mimi?"

Kropman akakimbilia simu. Nyumbani kwa rabi pacha mmoja alikuwa analia na mwingine anamsindikiza. Kropman alieleza yote kwa pumzi moja. Upande wa pili alisikia pumzi nzito tu, akadhani rabi amelala.

"Kropman," rabi akasema mwishowe, "akinyimwa ufunguo, hatukuuza. Kama hatukuuza, familia arobaini na tatu zina chachu siku ya tatu sasa, na mimi ndiye niliyewaambia wako salama."

"Kwa hiyo nimpe?"

"Mimi ningekuambia umpe. Lakini ufunguo uko shingoni mwako, si mwangu, na Aronowitz atakuja kwako kwanza. Usiseme nilikuamrisha. Sema ulichagua." Kisha mtoto akatapika na simu ikakatika.

Kropman alikaa kwenye kiti cha ofisi. Aliona Jumamosi zijazo, moja baada ya nyingine, yeye yuko chumbani kwake na redio, na sinagogini mtu mwingine amefungua milango na hakuna anayeuliza lolote. Dirishani aliona mtoto akiokota makombo ya matsa chini na kuyala moja moja, kwa uangalifu, kama mtu anayepanga vifungo. Akainuka. Kamba ya kiatu ilikuwa imekaza fundo kwa maji ya siku tatu. Haikutaka kufunguka, wala haikutaka kupita kichwani kwa sababu ya masikio yake. Akatoka hivyo hivyo, akainamisha shingo mbele ya mlinzi.

"Kata," akasema. "Upesi, kabla sijawa mimi tena."

Mama Rutendo ndiye aliyekata, kwa mkasi wake wa ushonaji.

Mambo ya saa mbili zilizofuata Kropman aliyaona kwa mbali, maana siku zile hata kugusa chachu hakutaka. Alisimama mlangoni mwa darasa, mikono nyuma, akisoma namba kwa sauti kama anauza mnada.

"Namba kumi na saba, tambi! Namba thelathini, unga wa ngano, tahadhari, mfuko una tundu! Namba tisa ni ya Bi Fanya Sussman, biskuti za kuchovya, ana mazoea ya kuzihesabu..."

"Alizihesabu kabla hajaniuzia?" Birindwa aliuliza.

"Bila shaka."

"Basi anajua kwamba nimenunua vitu kamili."

Walipika mbele ya kibanda cha mlinzi, mbali na jikoni kwa sinagogi, kwenye masufuria matatu na jiko la mkaa. Mama Rutendo akakanda unga, akaukata, akautumbukiza kwenye mafuta, na maandazi yakaanza kuvimba na kunukia. Kropman alikuwa siku ya tatu ya matsa. Tumbo lake lilikuwa kama ghala la mbao. Harufu ile ilimfikia, ikamshika mkono, ikaanza kumvuta. Akahamia upande wa pili wa ua. Upepo nao ukageuka ukamfuata.

"Njoo ule, baba," Mama Rutendo aliita.

"Siwezi, mama."

"Mpaka lini?"

"Siku tano."

"Pole sana," akasema kwa huruma ya kweli, akauma andazi.

Daktari Aronowitz alikuja alasiri. Kuna mtu alikuwa amempigia simu kwamba sinagogi linafuka moshi. Aliingia getini na uso uliotangulia mwili.

"Nani amefungua hapa? Kropman! Hii ni nini? Ni nani hawa? Kwa nini kuna mbuzi?"

Kropman alifungua mdomo. Kwa kawaida mbele ya Daktari Aronowitz mdomo wake ulitoa neno moja tu, "Ndiyo." Safari hii Birindwa alimwahi.

"Karibu, Daktari," Birindwa alisema. "Mimi ndiye niliyekodi. Hawa ni wageni wangu." Akatoa nakala ya mkataba mfukoni, imekunjwa mara nne. "Ukurasa wa tatu. Sahihi yako ni ile ya shahidi."

Daktari alisoma. Masikio yake yakabadilika rangi. "Hii... hii inaandikwa kila mwaka! Hakuna mtu anaye..."

Alinyamaza, maana alikuwa karibu kusema kwamba mauzo si ya kweli, na alijua maana yake. Akameza maneno hayo kama Mama Rutendo alivyomeza matsa. Akajaribu kwa njia nyingine. "Usalama! Hao waliochoma mabanda wakija hapa?"

"Wameshakuja," Kropman alisema. Alishtuka kusikia ni sauti yake. "Jana usiku. Waliacha ujumbe ukutani. Na sisi usiku wa kwanza tulikuwa ndani ya makomeo tukiwaita wenye njaa."

Kabla Daktari hajajibu, Mama Rutendo alikuja akimvuta kwa mkono mwanamume aliyefungwa fulana. "Nimesikia wanakuita Daktari. Mtazame huyu."

"Mimi ni daktari wa meno."

"Basi anza na meno, halafu panda juu taratibu."

Daktari akasema hapana, hawezi, si kazi yake. Wakati anasema hivyo mkono wake ulikuwa umeshaifungua fulana. Jeraha lilianzia kwenye nyusi likaingia nywelini. Akatukana kwa lugha ya bibi yake, akatuma mtu alete begi lake kutoka garini, akauliza kama kuna spiriti ya kusafishia. Birindwa aliingia darasani akatoka na chupa.

Daktari aliitambua kabla haijafika. Boksi namba moja. Wiski ya miaka kumi na minane, aliyokuwa akiitunza kwa harusi ya binti yake.

"Hiyo..." akasema.

"Ni yangu," Birindwa akasema kwa upole, "lakini nakuruhusu uitumie."

Alishona nyuzi kumi na moja, ndogo ndogo, zimenyooka kama mstari wa daftari. Mama Rutendo aliinama kuzikagua kwa karibu, na kidole akakaribia kugusa.

"Mshono mzuri," akasema. "Ungekuja kwangu ningekuajiri."

Asikudanganye mtu kwamba siku ile Daktari Aronowitz alibadilika. Aliondoka akifoka kwamba Kropman amekwisha, kwamba Pasaka ikiisha kamati itakaa, na kwamba watu hao watatoka siku hiyohiyo mkataba ukiisha. Alirudi kila asubuhi kuangalia nyuzi zake, na kila asubuhi aliyarudia maneno hayo kutoka mwanzo huku akibadilisha bandeji. Kropman alimsikiliza kila mara. Usiku alijaribu kufikiria kazi nyingine ambayo mzee wa miaka sabini na mmoja, mjuzi wa vifungo, anaweza kupewa, akaishia kuhesabu vifungo.

Jioni ya mwisho wa siku ya nane, jua lilipozama na Pasaka ikatoka, sinagogi lilijaa kuliko siku zote. Wengine walifuata maboksi yao. Wengi walifuata ugomvi. Uani Mama Rutendo na wenzake walikuwa wamefunga mizigo yao na kuiweka karibu na geti, cherehani juu kabisa, wakingoja waambiwe. Mkataba ulikuwa unakufa jioni ile. Birindwa angeuza tena alichokuwa nacho na madarasa yangerudi kwa kamati.

Daktari Aronowitz alipanda mbele. "Mabibi na mabwana, nitasema kwa kifupi," akasema, na kwa robo saa akasema kwa urefu. Bwana Kropman alipewa amana. Bwana Kropman aliitoa. Watu wamepoteza mali. Yeye binafsi, hakutaka kusema, lakini kuna chupa. Anapendekeza Bwana Kropman aondolewe kazini leo.

Bi Fanya Sussman alisema kwa sauti kwamba biskuti zilikuwa sitini na nne.

Watu wakanung'unika, maneno yakapanda, mpaka Rabi Mintz alipoinuka akiwa na pacha mmoja begani.

"Nina swali moja tu," akasema. "Daktari anasema ni mali ya watu. Nataka kujua ni watu gani. Aliyekuwa na chachu siku ya tatu ya Pasaka, akijua ni yake, ainue mkono, tumwandike tumrudishie haki yake."



Bi Sussman alikuwa ameshainua mkono nusu, kwa ajili ya zile sitini na nne. Aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine, akautumia kurekebisha kofia. Bwana mmoja wa nyuma alikuna sikio, akaona hata hilo ni hatari, akaukalia mkono. Mkono wa Daktari Aronowitz mwenyewe ulipanda mpaka kwenye kidevu, ukasimama pale, ukasugua kidevu kwa muda mrefu, ukashuka.

"Hakuna?" rabi aliuliza. "Basi hakuna aliyepoteza kitu. Amepoteza Bwana Birindwa peke yake, naye halalamiki."

"Na bei iliyobaki?" mtu aliuliza. "Mnunuzi si alitoa arubuni tu?"

"Nitalipa," Birindwa alijibu akiwa mlangoni. "Mkataba hausemi lini."

"Niliuandika usiku," rabi akasema. "Watoto walikuwa wanalia."

Hapo kikao kingekwisha, na Kropman angerudi kwenye vitabu vyake kama panya aliyeponea chupuchupu. Watu walikuwa wameshaanza kuinuka. Lakini kupitia mlango uliokuwa wazi aliiona mizigo ile pale getini, akaona kwamba watu wamemsahau yeye na wamewasahau na wale. Akasimama. Katika miaka kumi na miwili hakuwahi kusema kitu ndani ya sinagogi isipokuwa namba ya ukurasa, kwa hiyo watu walidhani anataka kutaja ukurasa, wakanyamaza.

"Na mimi nina swali," akasema. "Madarasa yanarudi kwetu leo. Watu wako uani wamefunga mizigo, mabanda yao yamekuwa majivu, na yule wa rangi nyekundu bado yuko mjini. Mimi sitawaambia watoke. Kama kuna mtu anataka watoke jioni hii, ainue mkono. Lakini nitamwomba aje na mimi mpaka getini awaambie mwenyewe, kwa sauti, maana mimi sauti yangu ni ndogo."

Alisimama anangoja. Alimtazama Bi Sussman, Bi Sussman akatazama mkoba wake. Aliwatazama wa nyuma, wakatazama dari. Mwisho akamtazama Daktari Aronowitz, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa zaidi ya sekunde moja.

Daktari alivua miwani. Akaivaa.

"Zile nyuzi," akasema kwa hasira, "hazitoki kabla ya Alhamisi. Siwezi kuzunguka mji mzima kumtafuta mgonjwa wangu." Akakaa, akaikunja mikono kwapani, ili pasiwe na shaka mikono iko wapi.

Kropman alitoka uani. Mama Rutendo alikuwa ameshaikamata cherehani, tayari kuipandisha kichwani.

"Wamesemaje, baba?"

"Hawakusema kitu," Kropman alijibu. Yeye mwenyewe alikuwa bado anashangaa. "Wote walinyamaza."

"Kwenu watu wakinyamaza ni ndiyo au ni hapana?"

Kropman alifikiri kwa uaminifu. "Sijui, mama. Haijawahi kutokea."

Mama Rutendo alimtazama usoni kwa muda, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata. Kisha akaiteremsha cherehani chini, akageuka, akawaambia wenzake wafungue mizigo.